Hadithi za unga huandikiwa nani?

Mwaka 1971 kampuni ya Prentice-Hall ya Marekani ilichapa kitabu kisicho na jina la mwandishi. Kilidaiwa kuwa shajara ya kweli ya binti wa miaka 15, mtoto wa mhadhiri wa chuo kikuu, nyumba nzuri, wazazi wote wawili wapo. Kwenye sherehe ya wenzake anapewa soda iliyotiwa LSD, dawa ya kulevya inayomwonyesha mtu mambo yasiyokuwepo, hana habari. Siku chache baadaye anajidunga. Kurasa kadhaa mbele ametoroka nyumbani, amefika San Francisco, amerudi, ameanguka tena, amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ametoka, na ameamua hahitaji shajara nyingine kwa kuwa sasa ana watu wa kuzungumza nao. Unafungua ukurasa wa mwisho unaambiwa alifariki wiki tatu baada ya uamuzi huo.

Kitabu chenyewe ni *Go Ask Alice*. Kiliuzwa kwa mamilioni, na mwaka 1973 kikatengenezewa filamu ya televisheni. Kabla miaka ya 1970 haijaisha ikajulikana kwamba nyuma ya huyo asiyejulikana alikuwapo Beatrice Sparks, mama mtu mzima wa jimbo la Utah aliyejitambulisha kuwa mshauri wa vijana. Yeye alishikilia kwamba kazi yake ilikuwa kuhariri shajara aliyopewa, ila rejista ya hakimiliki inamtaja kuwa mwandishi, na shajara ya asili hakuionyesha hadharani hadi alipofariki mwaka 2012. Katikati ya hapo alishatoa shajara nyingine kadhaa za watoto wasio na majina: mwenye UKIMWI, mwenye mimba, aliyeingia kwenye ibada za shetani. Kila hofu iliyowakosesha wazazi usingizi ilipata kijana wake wa kuiandikia shajara.

Wengi waliomwandika Sparks wamekazania kughushi kwake. Mimi uongo wa jalada haunisumbui sana. Riwaya zote zimetungwa. Kinachonisumbua ni namna hadithi ilivyojengwa, maana ujenzi ule ndio uliorithiwa na hadithi nyingi za vijana na dawa za kulevya zilizofuata, zikiwemo za kwetu ambazo waandishi wake huenda hawajawahi hata kukisikia kitabu hicho.

Tuanze na ile soda. Kwa nini binti ategeshewe? Kwa sababu mtoto aliyetegeshewa hana kosa, na asipokuwa na kosa basi hata nyumba aliyotoka haina kosa. Mzazi anayesoma anaweza kumlilia bila kujiuliza lolote. Wapo kweli waliotegeshewa, hasa kwenye ile michanganyiko ya bangi na unga, yaani heroini, ambayo vijiweni huitwa kokteli. Lakini vijana wengi huanza kwa macho makavu: wanajua wanachopewa, anayewapa wanampenda, na mara ya kwanza wanaona raha. Hilo la raha ndilo hadithi za onyo haziwezi kulitamka. Zikilitamka, mwandishi atalazimika kueleza kwa nini mtu aache kitu kinachompa raha, na jibu la swali hilo haliingii kwenye ukurasa mmoja.

Halafu kuna kasi. Kutoka LSD hadi sindano ndani ya siku chache. LSD ina madhara yake, lakini si dawa inayojenga utegemezi wa mwili kama heroini. Kijana wa leo, mwenye simu mkononi na rafiki anayevuta bangi tangu kidato cha pili na bado anafaulu, akisoma hayo anajua anadanganywa. Na akishamkamata mwandishi kwenye uongo mmoja, hatamwamini hata pale anaposema kweli. Wamarekani walilipia somo hili kwa fedha nyingi. Mpango wa DARE, uliowapeleka polisi madarasani kuonya watoto, ulianza Los Angeles mwaka 1983 na ukaenea nchi nzima. Tathmini moja baada ya nyingine zikaonyesha kwamba waliopitia masomo yale na wasiopitia hawakutofautiana kwa lolote la maana walipokua. Mzazi alifurahia fulana na vyeti.

Na kuna kifo. Msimulizi wa shajara hawezi kusimulia kufa kwake, kwa hiyo dakika ya mwisho sauti nyingine inaingia, tulivu, isiyo na jina, kututangazia. Hapo kalamu inamtoka mtoto na kurudi mkononi mwa mtu mzima, ambako ilikuwa tangu mwanzo. Kwa hadithi ya onyo kifo ni mwisho rahisi kuliko yote: kinafunga hesabu, kinathibitisha mahubiri, na kinamwepusha mwandishi na kazi ngumu ya kueleza kinachotokea mtu asipokufa. Wengi hawafi wiki ya tatu. Wanaishi miaka kumi, kumi na tano, wanaacha na kurudia, wanazaa, wanazika mama zao wakiwa na arosto, yale maumivu ya kukosa dawa. Katikati hiyo ndefu ndiyo uraibu wenyewe, nayo ndiyo inayorukwa.

Kitabu kilichokataa kuiruka kilitoka Uingereza mwaka 1996. Ni *Junk* cha Melvin Burgess. Marekani kilichapwa kwa jina la *Smack*. Wahusika wake wakuu, Tar na Gemma, wana miaka 14. Wanatoroka mji mdogo wa pwani, wanakwenda Bristol, wanaishi kwenye majumba matupu yaliyovamiwa na vijana wasio na makazi. Ni miaka ya 1980. Kilipotwaa nishani ya Carnegie, ambayo wakutubi wa Uingereza huitoa kwa kitabu bora cha watoto na vijana, magazeti yalipiga kelele: heroini, kwenye kitabu cha watoto!

Kelele zile zilikosa shabaha, maana kitabu hakisifii unga hata kidogo. Kilichowatisha watu, nadhani, ni namna kinavyogawa sababu. Tar ana sababu ya kutoroka inayoonekana kwa macho: baba anampiga, mama ni mlevi anayemtwisha mwanawe mzigo wa nyumba. Gemma hana sababu kama hiyo. Wazazi wake ni wakali tu, wa kawaida, aina ya wazazi wanaojaa kwenye mikutano ya shule. Anatoroka kwa sababu amechoshwa na anataka kuishi. Wote wawili wanaishia kwenye sindano ileile. Baba na mama wa Gemma ndio msomaji mzazi anayejiona ndani ya kitabu, na hapati soda ya kujifichia.

Tena Burgess anampa kila mtu sura yake aseme mwenyewe. Hapa pana ufundi ambao ningependa waandishi wetu wautazame kwa makini. Mraibu, yeyote aliyewahi kuishi naye anajua, ni bingwa wa maelezo. Anajua kwa nini leo ni lazima, kwa nini Jumatatu ataacha, kwa nini ile redio aliyoiuza ilikuwa mbovu siku nyingi. Mwandishi wa mahubiri huyazima maelezo hayo na kuweka ya kwake. Burgess anayaacha yaseme. Yupo msichana anaitwa Lily, kijana mwenzao, ambaye ndiye anayewavuta Tar na Gemma ndani ya maisha hayo pamoja na mpenzi wake Rob. Lily akipewa sura yake anazungumza kama mtu aliyefunuliwa jambo: sheria ni za wengine, mwili ni wake, anafanya atakalo. Maneno yanameremeta. Ukiwa na miaka 16 unataka kumfuata, na unapaswa kutaka, la sivyo hutaelewa kwa nini Gemma alimfuata.

Halafu inakuja picha moja ambayo kila aliyesoma kitabu hicho anaikumbuka. Lily amezaa. Amempakata mtoto, mtoto ananyonya, na Lily anatafuta mshipa kati ya matiti yake ili ajidunge. Hakuna aya inayofuata ya kutufundisha kwamba hilo ni baya. Lily ni yuleyule wa zile sura zinazometa, anajiamini vilevile, na pengo kati ya anachosema na tunachokiona ndilo linalofanya kazi yote. Msomaji anagundua mwenyewe kwamba alikuwa akidanganywa na mtu aliyempenda.

Gemma anapopata mimba yeye mwenyewe, anachofanya ni kuwapigia simu polisi waje kwenye nyumba anamoishi yeye na Tar na rafiki zake wote. Anajiokoa kwa kusaliti. Sijui hadithi ngapi za onyo zingethubutu kuweka ukombozi na usaliti kwenye simu moja. Tar hafi. Mwishoni anatumia methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, anapiga hatua, anateleza, anatusimulia kwa uchangamfu wa mtu anayetaka tumwamini, nasi kufikia hapo tumeshajifunza kutoamini haraka.

Marekani walikuwa na kitabu cha aina hii zaidi ya miaka ishirini kabla, miaka miwili tu baada ya *Go Ask Alice*, ila hakikuuzwa kwa kishindo kile. Alice Childress, mwandishi mweusi wa tamthilia, alitoa mwaka 1973 riwaya ya Benjie, mtoto wa miaka 13 wa Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, aliyezama kwenye heroini. *A Hero Ain't Nothin' but a Sandwich* inasimuliwa na mtaa mzima: Benjie, mama yake, bibi, Butler anayeishi na mama, walimu wawili wasiopatana, na hata muuza unga. Ndiyo, muuzaji anapewa sura yake, anajitetea, na hoja zake haziko mbali sana na za mwenye duka yeyote: asipouza yeye atauza mwingine. Childress hamsamehi, lakini hamfanyi zimwi, kwa sababu zimwi huwezi kulikuta kila siku kwenye ngazi za nyumba yako likikuulizia hali ya mama. Na Benjie, kila anapopata nafasi, anatuhakikishia kwamba yeye si mraibu.

Mwisho wa Childress naupenda kuliko miisho yote ya vitabu hivi. Butler, ambaye si baba mzazi wa Benjie wala hana cheti cha ndoa na mama yake, amesimama nje ya kituo cha tiba akimsubiri mtoto aliyekubali kwenda. Muda unapita. Kitabu kinaisha Benjie hajatokea, na Butler bado anasubiri.

Vitabu viwili hivyo, cha Sparks na cha Childress, vilikutana mahali pasipotarajiwa. Bodi ya shule za Island Trees, jimbo la New York, iliviondoa vyote viwili kwenye maktaba katikati ya miaka ya 1970 pamoja na vingine kadhaa. Mwanafunzi Steven Pico na wenzake wakaishtaki bodi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1982 majaji wengi walisimama upande wa wanafunzi. Ninachokishangaa ni kwamba bodi haikuona tofauti kati ya kitabu kilichoandikwa kumtisha mtoto na kilichoandikwa kumwelewa. Vyote vilitaja vitu visivyotajwa, basi.

Kuhusu *Crank* ya Ellen Hopkins, iliyotoka mwaka 2004, nina moyo wa namna mbili. Ni riwaya ya mashairi, imejengwa juu ya yaliyomkuta binti wa mwandishi mwenyewe, na dawa yake ni ile inayoitwa meth. Vijana wa Marekani waliisoma kwa pupa, na mashairi yale mafupi, mengine yamepangwa kwa safuwima unazoweza kuzisoma moja moja au kwa pamoja, yanaiga vizuri akili inayokimbia usiku kucha. Lakini Hopkins anamgawa mhusika wake. Kristina ni msichana mwema mwenye alama nzuri. Akitumia dawa anakuwa Bree, jasiri, mkali, asiyejali. Dawa yenyewe inaitwa jinamizi. Ni mbinu inayosomeka vizuri, na naielewa kwa mama anayeandika habari za mwanawe: nani asingetaka kuamini kwamba aliyeiba na kudanganya alikuwa mtu mwingine? Ila ni ile soda tena, imebadilishwa chupa. Kosa limepelekwa kwa Bree, Kristina amebaki safi. Hata hivyo haikumwokoa mwandishi. Mwaka 2010 waandalizi wa tamasha la vitabu la vijana huko Humble, Texas, walimwondolea mwaliko baada ya malalamiko ya watu wazima. Waandishi wenzake kadhaa wakajitoa kumuunga mkono na tamasha likafutwa.

Sasa tuje nyumbani. Heroini iko kwenye mitaa ya Mombasa na Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, na sindano ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990. Zanzibar ina nyumba za soba, ambamo mraibu anakaa akijifunza kuishi bila dawa, zinazoendeshwa na watu waliokuwa wakitumia. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, Kenya ikafuata kwenye hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014 kisha Pwani. Kuna kizazi kizima cha watoto waliokua na mjomba teja, na kaka teja, na mtu wa kwao anayepanga foleni asubuhi kliniki. Lugha ya jambo hili ipo, tena tajiri: kete, kubwia, arosto, soba, kijiwe. Hadithi za vijana zinazoitumia lugha hiyo kutoka ndani ndizo chache.

Tunazoandika zaidi ni za aina mbili. Moja ni ya muuzaji mkubwa. Wanafunzi wa Kenya waliosoma *Tumbo Lisiloshiba* kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wanaikumbuka hadithi fupi ya "Mkubwa", ambamo unga ni mlango wa utajiri na siasa. Ni hadithi yenye makali, na inamtazama anayestahili kutazamwa. Lakini kijana anayetumia yuko pembeni, ni ushahidi wa ubaya wa mwingine. Aina ya pili ni mtoto mzuri, rafiki mbaya, mdundo wa haraka kwenda chini, halafu kaburi au wokovu. Mwalimu akiuliza dhamira, jibu liko tayari kabla kitabu hakijafunguliwa.

Chukua foleni ya kliniki tu, uone ni hadithi ngapi zimelala pale. Kwa utaratibu wa kawaida mgonjwa hapewi dawa aende nayo. Anafika kila siku, Jumapili na sikukuu zimo, anasimama dirishani, muuguzi anampimia dozi yake kwenye kikombe, anainywa mbele yake, kisha anasemeshwa kidogo ili ihakikishwe ameimeza. Fikiria binti wa miaka 18 aliyeficha kwa mwajiri wake mpya kwa nini kila asubuhi anachelewa. Fikiria yupo kwenye foleni moja na mwanamume aliyemwonjesha mara ya kwanza, naye anaacha, naye anamwamkia kwa adabu. Fikiria nyanya anayejua siku mjukuu wake hakwenda kwa kumtazama anavyoshika kijiko. Hakuna kifo hapo wala soda, na riwaya iko nzima.

Kwa nini haiandikwi? Sidhani ni kukosa vipaji. Kitabu cha vijana cha Kiswahili kinaishi au kinakufa kwa mnunuzi mmoja, shule. Mchapishaji anamwandalia mwalimu mkuu, na juu ya mwalimu mkuu iko Taasisi ya Elimu kwa Tanzania, na KICD, taasisi ya mitaala, kwa Kenya, zenye kutoa ithibati. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 kwa kukiuka maadili, ikiwemo mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid*, vichekesho vya mtoto mvivu wa shule ya kati. Kama kile hakikupita, mhariri gani atapeleka sura ya Lily? Atamwambia mwandishi apunguze, na kinachopunguzwa kwanza siku zote ni raha, kisha sauti ya mraibu mwenyewe, kisha katikati. Kinachobaki ni mwanzo wa ajali na mwisho wa msiba. Yaani Utah, 1971.

Nimesikia utetezi kwamba mtoto wa miaka 13 hawezi kuachiwa ayapime mwenyewe maneno ya Lily, kwamba mwingine atayachukua kama yalivyo. Ni hoja ya kuheshimiwa. Burgess aliandikia umri wa Gemma mwenyewe na kwenda juu, si watoto wa darasa la nne, na mwalimu anayekisoma kitabu pamoja na darasa ana nafasi ya kuuliza: unamwamini huyu? Tangu lini? Swali hilo lina manufaa hata kijiweni. Lakini mwalimu huyo anahitaji muda, na mtihani unaouliza zaidi ya dhamira.

Uwanja mmoja usiosubiri ithibati upo: hadithi za mfululizo za Facebook na WhatsApp, zinazotolewa sehemu kwa sehemu, ya ishirini bure na ya ishirini na moja kwa kulipia kwa simu. Wasomaji wake wengi ni vijana walewale, na waandishi wake hawamwogopi afisa yeyote. Nazisoma, wakati mwingine mpaka usiku. Hadi leo, teja akitokea humo ni mwizi wa simu. Hadithi inampiga makofi, anakimbia, nasi tunarudi kwa tajiri na hausigeli wake.